Kisu cha Mfuko wa Kushoto

Jumatatu asubuhi, saa moja na nusu, Awuor aliingia kituo cha polisi akiwa amebeba kisu ndani ya karatasi ya maandazi. Mtu mwenye akili timamu haingii na kisu mahali ambapo mumewe amefungiwa kwa habari ya kisu. Lakini Awuor hakuwa amefumba jicho tangu Jumamosi, na akili timamu ni ya watu waliolala. Askari wa zamu alipoona chuma kikimetameta aliruka nyuma ya kaunta akashika rungu.

"Mathe, weka chini hiyo kitu! Weka chini!"

"Ni ya Sajini Mugure," Awuor alisema. Aliikumbatia ile karatasi kifuani. "Nimemletea yeye. Sitaki kuachia mtu mwingine."

Sajini Mugure alikuwa mlangoni akijikwangua tope kwenye viatu, tope la Kihoto, mtaa wa kando ya Ziwa Naivasha. Siku mbili alikuwa ameandamana na watu wa mashua wakipekua maji yaliyomeza nyumba za kule, viboko wakiwakoromea kwenye matete, wote wakitafuta mwili wa mwanamke mmoja. Hawakuupata. Alimshika Awuor kiwiko, akamwondoa mbele ya lile rungu, akampeleka ofisini na kufunga mlango.

Mwanamke aliyekuwa akitafutwa aliitwa Fancy, msimamizi wa wapandikizaji wa waridi kwenye shamba moja la maua kando ya ziwa. Ijumaa saa kumi na mbili jioni alitoka kazini na hakufika kwake. Asubuhi yake, kwenye njia ya tope inayoteremka Kihoto, vilipatikana vitu vitatu: kiatu chake kimoja, mkoba wake uliolowa damu, na kisu cha kukunja. Alama nyingine zote zilifutwa na mvua ya usiku. Daktari aliubonyeza ule mkoba kwa kidole, akatikisa kichwa. Kama bado anapumua mahali, alisema, na hakuna aliyemtibu, mpeni siku tatu, na hizo ni za kumbembeleza Mungu. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa hii.

Kisu kile ndicho kilichomfunga Ogola, mume wa Awuor. Kilikuwa kisu cha kupandikizia, cha aina wanayopewa wafanyakazi wa shamba, ila mtu alikuwa amekirekebisha. Klipu ya kukishikiza mfukoni ilikuwa imetolewa upande wake wa kiwandani, matundu ya zamani yakazibwa kwa gundi, ikafungwa upya upande wa pili ili kisu kikae mfuko wa kushoto. Hata ile chuchu ndogo ya kukifungulia kwa dole gumba ilikuwa imehamishwa. Basi polisi wakauliza shambani ni nani mashoto. Na shambani jibu halikuchukua dakika tano, kwa sababu mashoto hupangwa peke yao mwisho wa mstari, viwiko vyao visije vikagongana na vya wenzao. Walikuwa watatu. Wawili walikuwa likizo ya uzazi. Wa tatu alikuwa Ogola, ambaye Jumatano Fancy alimwandikia barua ya onyo.

Inspekta Gathogo, mkubwa wa Mugure, alisugua mikono kwa furaha. Mugure naye alimhoji Ogola Jumamosi usiku kucha, akatumia kila mbinu aliyofundishwa na nyingine ambazo hakuna aliyemfundisha. Ogola alilia, akaapa, hakukiri. Leo saa nane mchana angesomewa shtaka la mauaji.

"Hii ndiyo kisu yake," Awuor alisema, akafungua karatasi. "Aliwaambia iko kwa gumboot. Mlikuja kwangu mkapindua mpaka unga, lakini gumboot hamkuangalia. Leo nimevaa zake juu ya matope, nikasikia kitu inanidunga."

Mugure alikitazama kisu. Ni kweli Ogola alisema hivyo. Ni kweli pia kwamba yeye mwenyewe, Mugure, aliziruka zile buti mlangoni kwa sababu zilinuka.

"Mama, mtu anaweza kuwa na visu viwili."

"Anaweza. Lakini angalia makali, Sajini. Usiangalie klipu. Klipu ni ya nini? Hawa watu wote wanaweka kisu kwa gumboot." Awuor alikuwa mfungaji wa maua katika shamba lilelile na alijua anachosema. "Shamba inanunua kisu za right peke yake. Ukiwa left, unaenda na yako nyumbani, unainoa upya mpaka makali ihamie upande ile ingine. Ogola alinoa hii wiki mbili. Nilikuwa nasikia tu krr, krr, mpaka watoto wakalalamika."

Mugure alifungua kabati akatoa kielelezo ndani ya mfuko wake wa plastiki, akavaa glavu, akaviweka visu viwili sambamba mezani. Visu vya kupandikizia hunolewa upande mmoja tu. Upande wa pili huachwa bapa kabisa. Cha Ogola kilikuwa kimenolewa upande wa kushoto. Cha njiani kilikuwa kimenolewa upande wa kulia, kama kilivyotoka dukani, na mtu alikuwa amekinoa tena na tena upande huohuo.

Mugure alisukuma kiti nyuma. Alifungua dirisha akamwita Konstebo Weldon, dereva wake, aliyekuwa akipangusa gari.

"Weldon, wewe unaandika na mkono gani?"

"Left, Sajini." Weldon alivitazama vile visu, akaongeza haraka, "Lakini Ijumaa nilikuwa Nakuru."

"Nani amekuuliza ulikuwa wapi? Vunja tawi kwa hiyo maua ya nje, uje unichongee."

Kielelezo alimfundisha kukishika kwa mfuko wake, akifungue tu kiasi cha ncha, na ajaribu makali kwenye tawi mara moja. Kisu kilizama ndani ya kijiti kikakwama, nusura dole gumba la Weldon libaki mezani. Akachukua cha Ogola kwa mkono uleule wa kushoto. Ganda lilitoka jembamba, refu, likajikunja kama karatasi ya sigara.

"Jaribu kile cha kwanza na mkono wa kulia."

Weldon akajaribu. Ingawa mkono haukuwa wake wa kazi, ganda lilitoka bila taabu.

"Mwenye kisu hiki si mashoto," Mugure alisema polepole. "Anakata kwa kulia. Miaka anakinoa kwa kulia. Lakini amemlipa mtu amtobolee chuma ili akitoe kwa kushoto."

Awuor alianza kulia bila sauti. Mugure alimpa kitambaa, akakiweka kisu cha Ogola kwenye droo yake.

"Kaa pale kwa benchi. Usiende popote, na usiongee na mtu mpaka nirudi. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Sajini, atatoka?"

Mugure alichukua mfuko wa kielelezo akatoka. Alikuwa amekwisha kuahidi mengi ndani ya ofisi ile.

Gathogo alikuwa akifunga tai mbele ya kioo cha simu. Nje ya geti watu wa Kihoto walikuwa wameanza kukusanyika, wengine wakiwa na picha ya Fancy iliyopanuliwa, wakitaka mwuaji atolewe wamwone.

"Afande, nipe mpaka kesho," Mugure alisema. "Kisu si cha Ogola." Akamweleza makali.

"Mugure. Wewe unaniambia mambo ya kunoa." Gathogo hakugeuka. "Hawa watu nje nitawaambia nini? Ati upande umebadilika? Kama Ogola anamjua mtu mwingine, amtaje. Korti ni saa nane."

"Kama si yeye, basi mwenye kisu yuko nje, na Fancy yuko naye. Tumekaa na mtu asiyejua kitu siku mbili. Siku mbili, afande!"

"Basi una mpaka saa nane," Gathogo alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba amekwisha kumsahau.

Mugure na Weldon walikaa garini bila kuwasha injini. Kwa nini mtu wa kulia aweke kisu kushoto? Weldon alikuwa na jibu lake. Yeye mwenyewe, kwa sababu bastola humkaa kushoto, simu huiweka kulia. Labda ni mtu wa silaha. Labda soja, mlinzi wa shamba. Mugure alilikamata wazo hilo kama mtu anayezama, akapiga simu shambani, akasomewa orodha ya masoja wote, zamu zao, saa za kubadilishana. Dakika arobaini ziliteketea. Mwisho ikajulikana kwamba masoja wa pale hubeba rungu na tochi tu, na Ijumaa saa kumi na mbili wote walikuwa getini wakitia sahihi. Mugure aliipiga dashibodi kwa kiganja mpaka kikamwasha.

Alipoinua macho, mwendesha boda boda mmoja alikuwa amesimama kwenye kiteremko cha geti, abiria bado yuko mgongoni. Simu ya kijana ikalia. Mkono wa kulia haukutikisika pale ulipobana breki. Wa kushoto ndio ulioshuka, ukaingia mfukoni, ukatoa simu, ukaifungua kwa dole gumba.

"Weldon," Mugure alisema. "Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Mkono wa kulia una mafuta na breki. Akiuachilia pale, pikipiki inarudi nyuma na mtu juu. Kitu cha haraka lazima kiwe kushoto."

Weldon alikuna kidevu. "Sawa, Sajini. Lakini hapa Naivasha boda ni ngapi? Tutauliza moja moja mpaka Krismasi?"

"Hatuwaulizi wao." Aliinua ule mfuko wa plastiki kwenye mwanga. Klipu ilikuwa imeshikwa na skrubu tatu ndogo za shaba, na kisu chenyewe hakikuwa na shaba mahali pengine popote. Skrubu za namna ile aliziona kila siku kwenye kufuli ya droo yake. "Tunamwuliza aliyetoboa. Twende kwa mafundi wa funguo."

Fundi wa kwanza alisema hajawahi kuona kisu maishani mwake. Wa pili alikuwa amefiwa na kibanda kimefungwa. Wa tatu aliwaambia kazi mbaya namna ile haiwezi kuwa yake, na akawaelekeza kwa mshindani wake kwa furaha kubwa. Mvua ilikuwa imeanza tena. Saa tano na robo walimkuta Makhanu, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, kwenye kibanda nyuma ya soko, amezungukwa na funguo zinazoning'inia.

"Madam, hiyo ni mkono yangu," alisema kabla hajaulizwa vizuri. "Hiyo skrubu nilitoa kwa kufuli ya kabati. Ona hii shimo ya katikati, imeenda kombo. Nilivunjia biti ya kutoboa ndani. Huyo kijana alirudi hapa mara tatu, na mimi nilitaka kumfukuza."

"Kijana gani?"

Makhanu alivua miwani. Kelele za mjini alikuwa amezisikia. "Hiyo ndiyo kisu ya ile maneno ya Kihoto?"

"Mzee, kijana gani?"

"Thuo. Wa boda. Si kijana mbaya, Madam, mimi nasema ukweli wa Mungu. Mwaka jana alibeba mama mmoja na leso. Leso ikaingia kwa gurudumu, ikaanza kumkaza shingo. Ilikuwa kwa mlima. Kisu alikuwa nayo, hizi za shamba zinauzwa soko nzima, lakini mfuko ya kulia, na mkono ya kulia ndiyo imeshika breki. Akiachilia, pikipiki inateremka, leso inazidi kukaza. Alipofikia kisu, mama amekufa." Makhanu alifuta miwani kwa shati. "Alikuja hapa akaniambia, mzee, hamisha hii kitu upande ya kushoto, hata kama itakula siku ngapi. Kesi yake bado iko kortini. Yuko nje kwa bondi."

Mugure aliuinua tena ule mfuko wa plastiki. Kwenye bawaba ya kisu kulikuwa na nyuzi nne za sufu rangi ya damu ya mzee. Aliziandika mwenyewe kwenye ripoti Jumamosi: "huenda ni za sweta ya mshambuliaji." Na mama yake Fancy alikuwa amemwambia, siku hiyohiyo, kwamba binti yake alitoka na shali ya rangi hiyo. Vitu viwili katika daftari moja, kurasa mbili mbalimbali. Hakukuwa na mshambuliaji. Kulikuwa na shali, na gurudumu, na kijana aliyekata.

"Anakaa wapi?"

"Stage yake ya boda iko Kihoto, lakini tangu Ijumaa hajaonekana. Mtafute kijijini Ndabibi, kwa shangazi yake. Wanjugu, nesi aliyestaafu, ako na kliniki kidogo huko. Huyo kijana ndiye humpelekea dawa. Kufuli za huko zote nilifunga mimi."

Simu ya Thuo ilikuwa imezimwa. Simu ya Gathogo iliita mpaka ikachoka. Mugure alimwandikia ujumbe: *Ni ajali ya boda. Fancy huenda yuko hai Ndabibi. Usimpeleke Ogola.* Kisha akaita ambulensi, akaambiwa iliyo karibu iko njiani kutoka Longonot na itafika itakapofika.

Barabara ya Ndabibi mvua ilikuwa imeikoroga. Mara mbili Mugure alishuka akasukuma gari kwa mabega, sketi ikiwa matope mpaka kiunoni, na mara ya pili alijikuta akitukana kwa sauti, akijitukana yeye mwenyewe. Weldon alijifanya hasikii. Saa saba na nusu waliiona kliniki, nyumba ya mabati ya kijani yenye veranda. Mlangoni palibandikwa karatasi: *Tumefunga kwa matanga.*

Mwanamke wa miaka kama sabini alitoka kabla hawajabisha, akausimamia mlango.

"Hakuna huduma leo, watoto wangu. Tumefiwa."

"Pole, mama. Mmefiwa na nani?"

Wanjugu alisita, na kusita kwake kulikuwa jibu. Mtu aliyefiwa hatafuti jina la marehemu.

"Na hizo shuka?" Mugure alionyesha kamba iliyokuwa chini ya paa la veranda. Shuka nne zilikuwa zimeanikwa, madoa yake yamefuliwa yakabaki kahawia. Pembeni yake ilining'inia nusu ya shali ya sufu, ukingo mmoja umekatwa wima, mkato mmoja safi. "Nani anafua shuka za wagonjwa wakati hakuna mgonjwa?"

Mwanamke yule alishusha mabega. Umri wote ulimrudia kwa mara moja. "Ingia, mwanangu," alisema. "Ingia tu. Na mimi nimechoka."

Fancy alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma cha chumba cha nyuma, kichwa kimefungwa bendeji, mkufu wa michubuko ya zambarau umemzunguka shingo. Kijana mwembamba mwenye kizibao cha reflekta cha boda alikuwa amekaa kando yake, ameshika simu aliyoizima mtandao, akitazama saa yake, midomo ikienda bila sauti. Alikuwa akihesabu pumzi.

"Kumi na nne," alisema bila kuinua kichwa. "Jana zilikuwa kumi na sita. Zinapungua, shangazi."

Mugure alipiga magoti kwenye sakafu, akashika mkono wa Fancy. Ulikuwa na joto. Alikuwa amemtafuta mwanamke huyu chini ya maji siku mbili, na joto lile lilimwingia mpaka machozi yakamtoka mbele ya watu.

"Weldon, pigia ambulensi, waambie tuko hapa na tuna mtu hai. Waambie wapae kama wanaweza." Akamgeukia kijana. "Thuo. Sema."

"Madam, nilikata haraka." Thuo alimwonyesha mkono wake wa kushoto kana kwamba ndio shahidi. "Si kama ile ingine. Shali ilishika tu hivi, mimi nikatoa kisu, nikakata. Nilimwokoa! Halafu akaanguka nyuma, kichwa ikagonga jiwe, masikio ikaanza kutoa damu. Kisu sijui niliangusha saa ngapi. Nilimfunga mgongoni na tyubu ya pikipiki, nikaendesha mpaka hapa."

"Hospitali ya mjini ilikuwa karibu mara kumi."

"Niko bondi, Madam. Wa pili? Nani ataniamini wa pili? Nikasema ataamka kesho, atasema mwenyewe ni ajali. Kesho ikafika hajaamka. Halafu redio ikasema ameuawa."

"Na mkasikia kuna mtu amekamatwa."

Thuo alirudi kuhesabu pumzi. Wanjugu ndiye aliyesema, ameegemea ukuta. "Tulisikia. Sitakudanganya. Jumamosi nilichukua simu nikapiga nambari mbili za kwanza za polisi. Ilivyozidi kuchelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu. Nimeuguza watu miaka thelathini na nane, na huyu nimemfungia kama mbuzi wa wizi." Akajifunika uso kwa kitenge.

Mugure alitaka kuwapigia kelele. Alitaka kuwauliza kama wanajua selo inanuka nini, kama wanajua mtoto anauliza nini baba asiporudi. Lakini buti za Ogola yeye ndiye aliyeziruka.

Simu yake ikatetemeka saa nane kasoro dakika kumi. Gathogo.

"Mugure, uko wapi? Rudi. Imekwisha." Sauti yake ilikuwa na uchangamfu wa mtu aliyeshiba. "Amekiri."

"Nani amekiri?"

"Ogola, nani tena? Yule mke wake nilimkuta hapa kwa benchi, na kwa droo yako kuna kisu cha pili. Mwanamke analeta silaha kituoni, wewe unamwachia anywe chai! Nilimweka ndani kama mshiriki. Jamaa aliposikia sauti yake anapita kwa korido, akaniita mwenyewe. Anasema alimkata Fancy, akamtupa ziwani. Ametia sahihi. Tunaingia kortini sasa hivi."

"Afande, hukuona ujumbe wangu?"

"Ujumbe gani? Simu ilikuwa kwa chaji."

"Fancy nimemshika mkono. Sasa hivi. Anapumua."

Upande wa pili palikuwa na kelele za korido, mlango ukigongwa, mtu akikohoa. "Una uhakika ni yeye?" Gathogo aliuliza, na uchangamfu ulikuwa umepungua kidogo.

"Afande, mpe Ogola simu. Nakuomba. Mpe nimwambie afute hayo maneno kabla hajasimama mbele ya hakimu."

Pingu zililia. Kisha pumzi nzito, karibu sana na simu.

"Ogola, ni Sajini Mugure. Sikiliza vizuri. Fancy yuko hai. Nimempata. Niko naye hapa kitandani, ilikuwa ajali. Ukiingia pale mbele, usikubali kitu. Umenisikia? Fancy yuko hai."

Mugure alisikia jina la kesi likiitwa kwa mbali.

"Hata Jumamosi uliniambia hivyo, afande," Ogola alisema. Hakuwa na hasira. "Ulisema Fancy amepatikana, yuko hai, na amenitaja. Mimi nikafurahi, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu mbele yako. Halafu ukacheka na yule mwenzako. Ilikuwa uongo ya kunipima."

"Ogola, leo ni kweli. Naapa."

"Na Jumamosi uliapa." Akavuta pumzi. "Afande, mimi nimemuua. Niambieni tu nilimuua vipi, nitasema. Lakini mtoe Awuor huko ndani, watoto wako peke yao."

Pingu zikalia tena, na simu ikakatika.